Gari Lililokuwa Likikesha Mbalibali

Gari likizimwa halilali papo hapo. Vijana mnaosoma umeme wa magari, kama hamtachukua kitu kingine kwangu, chukueni hicho. Unazima, unachomoa ufunguo, unafunga mlango, unaondoka ukidhani umeacha chuma kimenyamaza. Bado. Kompyuta zake zinaendelea kunong'onezana, saa inatembea, redio inakumbuka stesheni, kipokezi cha rimoti kinakusubiri urudi. Baada ya muda zinasinzia moja baada ya nyingine. Likishalala, gari zima linakula umeme kidogo sana, kama mgonjwa anayeonja uji. Gari lenye tatizo ni lile linalokesha. Asubuhi unakuta betri imekwisha, na mwenyewe anakuapia, "Fundi, nililizima kwa mkono wangu huu!"

Mimi nimeyalaza magari mengi. Nasema bila haya, kwa sababu hakuna aliyenibeba. Diploma yangu niliipata Dar es Salaam nikishika spana mchana na kusoma jioni, na hakuna mjomba wala shangazi aliyenilipia hata kalamu. Wenzangu walipong'ang'ania kubaki mjini, mimi nilirudi Tarime, nikafungua gereji Nyamisangura, nikaitundika diploma ukutani ndani ya kioo, usawa wa macho ya mteja aliyekaa kwenye benchi. Walinicheka sana. "Mura, kijana wewe, diploma inafungua nati?" Nikawajibu haifungui nati, inakuambia nati gani usiiguse. Wengi waliocheka walikuja kuwa wateja wangu, na nyumba yangu ya vigae inaonekana tangu barabarani. Sasa nimestaafu, mgongo umekataa kuinama chini ya dashibodi, na gereji iko mikononi mwa vijana. Lakini mdomo haujastaafu.

Wa kumshukuru ni Mzee Kibwana, aliyenipokea kwenye gereji yake kule Dar nikiwa bado sijui kushika mita ya kupimia umeme. Alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Siku ya kwanza nilipokuta gari linalomaliza betri, nilifunga mita, nikaona namba kubwa, nikaanza kuchomoa fyuzi kwa fujo kama mtu anayevuna karanga. Nikafungua mlango, nikaufunga, nikarudi kwenye mita, nikafungua tena. Mzee akaniita.

"Umewahi kumlaza mtoto mchanga?"

"Hapana, mzee."

"Mtoto akilazwa, mtu hamfunui kila mara kuangalia kama kalala. Atalala saa ngapi? Kaa hapa unywe chai."

Tukanywa chai. Niliporudi, namba ilikuwa imeshuka yenyewe. Gari lilikuwa zima, mimi ndiye niliyekuwa naliamsha. Tangu siku hiyo kazi hii naifanya hivi, nanyi fanyeni hivi. Kwanza chaji betri ijae na uipime yenyewe, maana betri iliyochoka inasingizia gari. Funga mita kwenye njia ya waya wa hasi, na usithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo, utanunua nyingine. Boneti na mlango viache wazi, lakini kitasa kibonyeze kwa bisibisi kijifunge, gari liamini kuwa mlango umefungwa. Ufunguo upeleke mbali. Halafu kaa. Namba ikishuka chini ya miliampia hamsini, magari mengi hapo yako salama. Ikigoma kushuka, usichomoe fyuzi, kwa sababu ukichomoa na kurudisha unaamsha tena kila kitu. Weka mita kwenye milivolti, gusa zile nukta mbili za chuma mgongoni mwa fyuzi. Penye sifuri hapapiti kitu. Penye namba, mwizi anapita hapo.

Kwa njia hiyo nimekamata taa za dashibodi zisizozima, rilei zilizoganda, alteneta zinazovujisha umeme kinyumenyume. Mfanyabiashara mmoja wa Sirari, Mkenya mcheshi, alikuja akilalamika, "Bosi, hii gari iko na shida gani? Betri nimebadilisha mpaka nimechoka." Nilifuata umeme fyuzi kwa fyuzi hadi chini ya kiti cha nyuma, nikakuta kijisanduku kinachotuma habari za mahali gari lilipo. Kimeunganishwa vibaya, hakilali. Akakitazama, akanitazama. "Mimi sikuweka hii." Nikamwuliza nani mwingine ana ufunguo wa gari. Akafikiri, akacheka mpaka akakaa chini. "Ni bibi yangu! Rudisha, rudisha hapo hapo, fundi. Ifunge vizuri tu isikule betri. Akijua nimeiona nitalala wapi?" Nikakifunga vizuri. Fundi mwema haingilii ndoa.

Lakini gari lililonifundisha kuliko yote lilitoka wilaya jirani ya Serengeti, huko Mbalibali. Lilikuwa Noah ya rangi ya fedha, mali ya Mwalimu Marwa, kijana mpole wa shule ya msingi. Aliingia gerejini kwangu na mke wake, Ghati, ambaye mimba yake ilikuwa imekwisha kuwa kubwa.

"Shikamoo, fundi," Marwa akasema. "Tumeambiwa ukishindwa wewe, turudi kwa Mungu."

"Marahaba. Mmeambiwa kweli," nikajibu.

Akanieleza. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na safari ya kumfikisha mama hospitali ilichelewa kidogo tu, wakakaribia kumpoteza. Safari hii nesi wa kliniki alimwambia Ghati wazi: uchungu ukianza, usikae, nenda Mugumu hospitali hapo hapo. Kitongojini kwao hakuna gari jingine, na pikipiki kwa mwanamke mwenye kovu na uchungu si usafiri. Marwa aliuza ng'ombe aliopewa na baba yake akanunua ile Noah. Kwa ufupi, gari zima lilinunuliwa kwa ajili ya asubuhi moja. Na asubuhi ndipo lilipokuwa likigoma. Jioni ni zima, asubuhi limekufa. Mafundi walibadilisha betri, wakabadilisha alteneta, mmoja akamshauri aite watu wa maombi. Na kwa kuwa ni gari la giya za kujiendesha, hata ukilisukuma haliwaki.

Ghati alikuwa amekaa kwenye benchi akiisoma diploma yangu neno kwa neno. Akageuka.

"Fundi, niambie ukweli. Siku yangu ikifika, litawaka?"

"Litawaka, mama."

"Umesema hivyo na boneti hujafungua."

Marwa akaona aibu, mimi nikacheka. Mteja wa namna hiyo nampenda, anakufanya ufanye kazi.

Nililipima kama Mzee Kibwana alivyonifundisha. Likalala vizuri kabisa, namba ikashuka kama inavyotakiwa. Nikaliacha lilale gerejini. Asubuhi likawaka kwa mguso mmoja. Nikaliacha tena, likawaka tena. Nilimwuliza Marwa swali ninalomwuliza kila mtu: tangu ulinunue, umeongeza nini? Redio kubwa? Taa? Akasema hajaongeza hata kijipambo cha kioo. Nikawaruhusu waende. Haikupita muda simu ikalia.

"Fundi," Marwa akasema kwa unyonge, "limekufa."

Nyuma yake nikamsikia Ghati: "Mwulize kama diploma yake nayo inawaka asubuhi!"

Hapo nikakaa nikafikiri. Gari linalolala kwangu na kukesha kwao halina ugonjwa ndani yake. Ugonjwa uko pale linapolala. Siku hizi nyinyi mnachomeka mashine ya kusoma makosa, mnasubiri iwatajie namba ya kosa. Ni mashine nzuri, na mimi ndiye wa kwanza kuwa nayo Nyamisangura, msisahau. Lakini mashine ile inajua gari tu, haijui nyumba ya mtu. Nikabeba mita yangu ya kubana waya, ile inayosoma umeme bila kufungua kitu chochote, nikaenda Mbalibali.

Nilifika mchana. Nyumba ya Marwa ya bati inatazama barabara. Nyuma yake kuna zizi, na kando ya lango la zizi kuna nyumba ndogo ya baba yake, Mzee Wambura. Noah ilikuwa imeegeshwa pale pale, ubavu wake karibu na lango. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Diploma?"

"Ndiye mimi."

Akanipima kuanzia viatu. "Nilidhani Diploma ni mtu mnene."

Nikaifunga mita yangu kwenye waya wa betri, nikavuta kigoda kingine, nikakaa. Namba ilishuka vizuri kama ilivyoshuka kwangu. Mzee akachonga, mimi nikatazama. Baadaye akauliza, "Unasikiliza moyo wake?"

"Nasubiri lilale, mzee."

"Hilo hapa kwetu halilali. Hapa lina kazi."

Nilidhani ni utani wa wazee, nikatabasamu. Jua lilipoanza kushuka, Marwa akarudi kutoka shuleni, akatusalimu, akatoa rimoti mfukoni akafunga milango ya gari. Taa za indiketa zikawaka mara mbili, kimya. Muda huo huo ng'ombe wakaingia. Mzee Wambura akainuka, akalikamata dume moja kubwa jeusi kwa kamba, akalileta hadi kwenye Noah, akalifunga kwenye ndoano ya kuvutia gari chini ya bampa ya nyuma. Akalifunga fundo zuri, bila haraka, kama mtu anayefanya kazi ya kila siku. Akarudi kukaa.

Dume likatikisa masikio. Likajisogeza, likaanza kujikuna ubavu kwenye kona ya gari. Gari likayumba, na taa zote za indiketa, mbele na nyuma na ubavuni, zikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, bila sauti. Nikatazama mita. Ile namba iliyokuwa inasinzia ilikuwa imeruka juu kama imechomwa sindano. Taa zikakoma. Dume likajikuna tena. Zikaanza upya.

"Marwa," nikasema polepole, "king'ora cha alamu kiko wapi?"

"Ah, kile tulikikata waya. Kilikuwa kinashtua ng'ombe, mzee akasema kinyamaze au gari liondoke."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza nimeongeza nini. Hicho tulipunguza."

"Na dume kufungwa kwenye gari?"

Marwa alinishangaa kweli. "Fundi, dume nalo ni sehemu ya gari?"

Basi mambo yakawa wazi. Alamu ilikuwa nzima, imekatwa ulimi tu. Kila mara dume lilipojikuna, kihisi cha mtikisiko kiliamini mwizi amekuja, kikaamsha gari zima na kupiga kelele kwa taa. Usiku mzima. Marwa na mkewe wanalala chumba cha mbele, hawaoni kitu. Gerejini kwangu hakuna dume. Wanangu, nimefungua magari ya wakubwa na ya matajiri wa dhahabu, lakini sijawahi kukutana na betri inayomalizwa na ubavu unaowasha.

Mzee Wambura, yeye, alikuwa anatabasamu kwa fahari. "Umeona? Fisi akiona hivyo anageuka. Kabla ya gari hili walinichukulia ndama hapo langoni, nikabaki na kwato. Tangu lije, hakuna hata mmoja aliyesogea. Nikaona likitikiswa linawaka, nikasema basi, nimpe mtu wa kulitikisa."

"Mzee, hizo taa ndizo zinazomaliza betri. Ndiyo maana asubuhi haliwaki."

Akaacha kuchonga. "Zile? Mbwa wangu anabweka usiku kucha na asubuhi anatembea. Hili ni gari la namna gani linalochoka kwa kukonyeza?"

Marwa alijaribu kumweleza kwa upole, lakini mzee alikuwa na hoja. "Ng'ombe wangu wakiliwa, huyo mtoto anayekuja atakunywa nini? Betri?"

Kwa desturi ya pale mkamwana habishani na baba mkwe. Ghati alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ametazama pembeni kwa heshima zote, akaongea na mimi kwa sauti ya kufika zizini.

"Fundi, naomba unisaidie kuuliza. Siku uchungu ukinishika alfajiri, nitapanda mgongo wa hilo dume? Kama ndiyo, basi lianze kuzoeshwa mapema, maana mimi si mwepesi."

Marwa akaangalia chini. Mzee Wambura akatazama dume, akatazama gari, na kwa mara ya kwanza sikuona utani usoni mwake. Akasema, naye akiwa ameelekeza maneno kwangu, "Diploma, mwambie huyo mama nimesikia. Safari ile ya kwanza mimi ndiye niliyembeba mpaka barabarani. Sijasahau. Lakini fisi nao hawajanisahau."

Mngefanya nini hapo? Fundi wa kubadilisha betri angekata waya wa alamu akaenda zake, gari lingepona na ndama wangeliwa. Mimi nililala Mugumu, asubuhi nikazunguka kwenye vyuma chakavu, nikarudi na taa za indiketa za gari lililokufa, betri ndogo ya pikipiki na paneli ya sola ya kuchajia. Noah nikaitoa kando ya zizi, nikaiegesha mbele ya nyumba, uso ukiangalia barabara. Nikafungua dashibodi, nikang'oa alamu yote, kuanzia kisanduku hadi kihisi cha mtikisiko, nikaenda kuifunga kwenye nguzo za zizi.

Mzee alinifuata hatua kwa hatua. "Zitawaka zenyewe usiku kucha?"

"Hapana. Zitawaka lango au nguzo ikitikiswa."

"Vizuri. Taa inayowaka bila sababu fisi anaizoea." Hilo alilisema yeye, na nililiandika kichwani.

Kihisi nilikirekebisha mpaka mkia wa ng'ombe usikiamshe, lakini bega likiegemea nguzo kiamke. Mzee mwenyewe ndiye aliyekuwa mpimaji: anasukuma lango kwa makalio akijifanya fisi, taa zinawaka, anacheka, anasukuma tena. Mwisho nikamkabidhi rimoti. Akaifunga kwenye kamba, akaivaa shingoni. Nasema kwa kifua mbele, na asiyeamini aende akaangalie: kama kuna zizi jingine wilayani lenye alamu ya gari, fundi wake ameiga.

Kabla ya kuondoka, nikaifunga mita kwenye betri ya Noah pale mbele ya nyumba, nikamwita Ghati aje aone. Tukakaa kwenye vigoda, mimi na yeye na Marwa, tukasubiri. Namba ikashuka, ikashuka, ikatulia.

"Limelala?" akanong'ona, kana kwamba litamsikia.

"Limelala, mama."

"Sasa ndiyo nakuamini. Mara hii umefungua boneti."

Zikapita siku, nikarudi kwenye kazi zangu. Alfajiri moja simu ikalia nikiwa bado kitandani. Marwa. Hakusalimia. "Fundi, sikiliza!" Nikasikia mlango ukifungwa, ufunguo ukigeuzwa, stata ikazunguka mara moja tu, injini ikashika. Sijawahi kusikia sauti nzuri namna ile, na nimesikia injini nyingi. Halafu nikamsikia Ghati, anauma meno:

"Marwa! Weka simu, uendeshe!"

Simu ikakatika. Nilikaa kitandani nimeishika mpaka jua likatoka.

Wakafika Mugumu mapema, madaktari wakapata muda wao wote. Msichana, mzima, na mama mzima. Sitaficha, nilitegemea jina langu litatajwa. Wakamwita Bhoke, jina la bibi yake, na ndivyo inavyopaswa. Nikawapelekea kitenge na nikanyamaza.

Mwaka huu nilipita kuwaona. Jioni ng'ombe walikuwa wanaingia, na Mzee Wambura amesimama langoni na rimoti yake shingoni. "Diploma!" akaita kwa sauti. "Diploma, ingia!" Nikaanza kusogea. Ndama mmoja mweusi, mnene, akanipita mbio akaingia zizini, na mzee akafunga lango nyuma yake, akabonyeza rimoti. Taa zikakonyeza mara mbili.

"Sasa huyo ndiye Diploma mnene," akaniambia.